Orodha Inayofunguka Kabla Hujaiambia

Neema mwanangu,

Umekwenda Mzumbe kumuaga shangazi yako na hutarudi mpaka jioni. Mama yako yuko chumbani kwako anakunja nguo zako, anazikunjua, anazikunja upya. Mimi nimekaa mezani karibu na dirisha. Mlima umefunikwa na wingu tangu asubuhi, hata mstari wa miti hauonekani.

Basi lako ni kesho alfajiri. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kufunga mlango, wala kushika vizuri mkoba ukiwa Kariakoo. Hayo mama yako ameshayasema, na ninavyomjua atayarudia ukiwa mlangoni pa basi. Ninakuandikia kwa sababu ya jana.

Jana ulifungua laptopu yako ukanionyesha kazi unayokwenda kuianza Dar, ile programu ya kugawia dawa hospitalini. Upande wa kushoto yamepangwa majina ya wagonjwa, moja chini ya jingine. Mshale ukiligusa jina tu, hata kabla ya kubonyeza, dawa za mgonjwa huyo zinafunguka pembeni. Ukaniambia, "Jaribu, Baba." Nikashika mausi. Nikaenda kwenye jina la tatu, orodha yake ikafunguka, nikaanza kusogeza mshale kuelekea dawa iliyokuwa chini kabisa. Njiani mshale ukaligusa jina la nne. Orodha ikabadilika pale pale, na ile mpya ilifanana na ya kwanza kama pacha. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kushuka.

Ukacheka. Ukasema, "Utazoea, Baba."

Nikasema programu ni nzuri, nikainuka nikaenda kusimama uani. Ukanifuata, ukauliza kama umeniudhi. Nikakujibu macho yamechoka. Nilikudanganya, mwanangu. Macho yangu hayakuwa na neno. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwako.

Ninalotaka kukueleza linamhusu mjomba wako Festo. Ulikuwa na miaka sita alipofariki. Unamkumbuka kwa baiskeli yake, najua, na jinsi alivyokuwa akikupakia mbele na kukupeleka mpaka relini kuangalia treni. Tulikuambia alikufa kwa ajali kiwandani, na hilo ni kweli. Mama yako anaamini aliyemuua ni mzee mmoja mzembe wa stoo, jina lake Kobelo. Hilo si kweli. Nimelijua kwa miaka yote hii kuwa si kweli.

Unajua kwamba nilifanya kazi kiwanda cha ngozi, lakini sijawahi kukueleza kazi yenyewe ilivyokuwa. Ngozi mbichi huja na manyoya yake. Huingizwa kwenye pipa la mbao linalozunguka, kubwa kama chumba hiki nilichokaa, pamoja na chokaa na dawa ya kutoa manyoya. Humo hulala siku nzima na zaidi. Baadaye huoshwa, huoshwa tena, na mwishoni ndipo hutiwa asidi. Tulikuwa na mapipa sita, na kila pipa lilikuwa kwenye hatua yake. Dawa ya manyoya na asidi hazitakiwi kukutana. Zikikutana hutoka hewa inayonuka kama yai viza, na ikiwa nyingi inaua pua kabla haijamuua mtu. Mzee Kobelo ndiye aliyenifundisha, siku zangu za kwanza kabisa: "Ukisikia harufu hiyo, kimbia. Harufu ikikatika ghafla na wewe bado uko palepale, umeshachelewa."

Alikuwa mtu wa Kinole, huko mlimani, mpole, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa miaka ya kushika kemikali. Alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Zamani kila dawa iliyotoka stoo aliiandika kwenye daftari kwa mkono wake, kisha akaisindikiza mwenyewe mpaka kwenye pipa. Alikuwa akiligonga pipa kwa ngumi na kusikiliza, mfano wa mama anayegonga nazi sokoni.

Kisha kiwanda kikauzwa. Yalikuwa majira ya mashirika kuuzwa, na kila wiki ulisikia shirika fulani limekwenda. Majina ya waliopunguzwa yakabandikwa ukutani, na watu niliokula nao ugali kwa miaka wakayasoma wakiwa wamesimama, wakaondoka bila kelele. Walioondoka ndio waliokuwa wakiyajua mapipa. Mahali pao wakaletwa vibarua. Mzee Kobelo alibakizwa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua stoo. Mimi nilibakizwa kwa sababu nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta Dar, na mwekezaji alitaka kompyuta. Nilijua kabisa ni uzi gani umenishikilia. Ukikata kompyuta, nami naanguka.

Nikaitengeneza programu mwenyewe. Mzee Kobelo angechagua pipa, kisha hatua, na printa ingetoa karatasi: pipa fulani, dawa fulani, kiasi fulani. Mwanzo orodha zilifunguka kwa kubonyeza. Meneja mpya alikuja kuitazama, akahesabu kwa vidole mara ngapi nimebonyeza, akakunja uso. Tena ni kweli kubonyeza kuliwatesa watu wetu. Wengine walibonyeza mara mbili pasipotakiwa, wengine waliishikilia mausi kama wanabana mende. Basi nikajifunza namna ya kuifanya orodha ifunguke yenyewe mshale unapoigusa. Neema, nilifurahi kama nilivyofurahi ulipozaliwa! Mtu aliyekuwa hajawahi kuona kompyuta aliweza kupitisha mshale juu ya mapipa yote sita na kuona kilichomo, bila kuogopa kuwa ameharibu kitu. Meneja aliwaleta wageni kuitazama. Wakanipiga picha nimesimama pembeni ya kioo cha kompyuta.

Sikuambii haya ili nikuonyeshe kwamba namna ile ni mbaya. Ina uzuri wake, na uzuri huo ndio ulionipofusha. Orodha inayofunguka kwa kuguswa inamfaa anayetaka kutazama. Mzee Kobelo hakuwa mtu wa kutazama. Alikuwa akitoa amri.

Siku ya tatu aliniita stoo. "Kijana wangu," akasema, "hiki kitu kinafunguka kabla sijakiambia. Nami nikikifuata, kinakimbia."

Nikamwambia asogeze mshale kwanza kulia, moja kwa moja, ndipo ashuke. Asikate kona. Akajaribu. Mkono wa binadamu hukata kona, mwanangu, ndivyo ulivyoumbwa, kama vile watu wanavyokatiza uwanjani hata ukiwajengea njia nzuri pembeni. Akakata kona, mshale ukagusa pipa la chini yake, orodha ikageuka. Orodha zote sita zilikuwa na maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, kwa kuwa niliona huo ndio unadhifu.

"Umeona?" akasema.

"Utazoea, Mzee," nikamjibu.

Wiki zile za mwanzo alinirudishia karatasi tatu zilizotoka na namba ya pipa lisilo lake. Alikuwa akizisoma moja moja kwa miwani yake kabla ya kuzikabidhi. Ya tatu ilinitia hofu. Nikakaa nikaiwekea orodha subira kidogo: isibadilike mpaka mshale utulie juu ya jina kwa muda wa kupepesa macho. Ikafaa. Mzee Kobelo alikata kona zake na orodha ikamngojea. Aliniambia, "Sasa ina adabu."

Haikukaa hata siku mbili. Meneja alipita, akashika mausi, akaipitisha juu ya mapipa kwa haraka kama alivyozoea, na orodha zikachelewa kumfuata.

"Imekuwa nzito. Umeifanya nini?"

Nikamweleza.

"Huyo mzee mmoja ndiye atupangie mwendo? Hapa si ofisi ya serikali tena."

Ningeweza kusema. Nilikuwa na zile karatasi tatu kwenye droo. Lakini nililiona jina langu likibandikwa ukutani, nikamwona mama yako, nikakuona wewe na sare yako ya darasa la kwanza. Mchana ule ule nikaiondoa subira. Nilifuta mstari mmoja tu wa maandishi. Mzee Kobelo sikumwambia. Aligundua mwenyewe, akanitazama kupitia dirisha la stoo, akarudi kwenye kazi yake.

Halafu, ili kumfurahisha Meneja zaidi, nikatoa wazo kwamba printa ihamishwe kutoka mezani kwa mzee, iwekwe kule kwenye mapipa, karatasi itoke moja kwa moja mikononi mwa kibarua, bila kupita kwanza machoni pa mzee. Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo. Nilijiona nina akili.

Mjomba wako alikuwa Ngerengere akihangaika na vibarua vya hapa na pale. Mama yako akanisihi nimtafutie kazi. Nikamtafutia. Nilimwombea kwa Meneja mwenyewe, akapewa kazi kwenye mapipa. Ajali ilimkuta katika wiki yake ya tatu.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, wakati wa chai. Nilikuwa ofisini. Nilisikia mtu akiita jina la Festo mara moja, kisha mara ya pili kwa sauti ya juu, kisha harufu ikaja. Nilikimbia nikatoka nje, Neema. Sikukimbilia mapipani. Nilikimbia kama nilivyofundishwa, na nikiwa getini ndipo nikakumbuka ni nani yuko kule. Watu wawili waliofunga khanga zilizoloa usoni ndio walioingia kumtoa. Mmoja wao alikuwa Mzee Kobelo. Walimlaza Festo chini karibu na mfereji, midomo imegeuka rangi. Alikuwa bado ameshika karatasi. Imeandikwa, wino haujakauka vizuri: Pipa la Tano, Asidi. Pipa la tano lilikuwa bado na dawa ya manyoya, tangu jana yake. Lililokuwa tayari kwa asidi ni la nne.

Hakufika hospitali.

Mzee Kobelo alikaa chini kwenye zege akikohoa, akawa anarudia neno moja. "Nilichagua la nne. Nilichagua la nne."

Siku chache baada ya mazishi tuliitwa kwenye chumba cha mikutano: Meneja, mtu mmoja aliyetoka nje kuja kuchunguza, Mzee Kobelo na mimi. Yule mchunguzi alikuwa mtu mstaarabu, sauti ya chini. Akanigeukia akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeitengeneza. Je, mashine hii inaweza kutoa karatasi tofauti na alichokibonyeza mtu?"

Nikajibu, "Hapana. Inatoa kilichobonyezwa."

Kila neno hapo ni la kweli. Lipime utakavyo, hutapata uongo. Lakini alitaka kujua kama mtu anaweza kulenga la nne na kubonyeza la tano bila kosa lake, na mimi nilijua jibu, nilikuwa nalo kwenye droo. Nikanyamaza. Mzee Kobelo alinitazama. Nilidhani atasema habari za ile subira niliyoiweka na kuiondoa. Badala yake alivua miwani akaifuta. Aliondolewa kazini wiki ileile, akatoka getini hata bila kuagwa.

Nyumbani mama yako aliniuliza, "Ni yule mzee wa stoo?" Nikasema, "Wameona hivyo." Tangu siku hiyo jina lile halijatajwa humu ndani. Umewahi kujiuliza kwa nini mama yako hanunui ndizi kwa yule mama mnene wa Kinole pale sokoni, bali huzunguka upande wa pili ili asipite mbele yake, hata jua likiwa kali? Yule ni mke wa Kobelo.

Sasa sikia nilichofanya baada ya hapo, maana ndicho kinachonitesa kuliko jibu lenyewe. Jumatatu iliyofuata niliirudisha programu kwenye kubonyeza. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Asiye na kosa harekebishi. Nikaongeza na swali: "Una uhakika? Ndiyo au Hapana." Baada ya mwezi nikamkuta mtunza stoo mpya akibonyeza Ndiyo kabla swali halijamaliza kutokea, huku anazungumza na mwenzake. Nikaelewa kwamba nimejenga mlango mwingine ambao hakuna anayeutazama. Mwisho nikaigawa: kila pipa likawa na ukurasa wake peke yake, jina kubwa juu, na ndani yake hatua zile tu ambazo pipa hilo limezifikia. Pipa lenye dawa ya manyoya halikuwa na neno asidi popote. Ilichosha. Waliozoea haraka walinung'unika, na walikuwa na haki, kwa kuwa kazi ya sekunde mbili sasa ilichukua kumi. Nikawaacha wanung'unike. Ningeweza kuwaacha hivyo tangu mwanzo.

Miaka miwili baadaye, kiwanda kilipofungwa kabisa, nilipanda Kinole. Nilimkuta Mzee Kobelo akipalilia migomba kwenye mteremko, amekonda, akikohoa kikohozi cha siku ile. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia marahaba, akaendelea na jembe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye matope.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya yote nayajua. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika hicho kidubwasha, unadhani sijui? Kwa nini umepanda mlima wote huu kuja kuniambia ninachokijua?"

Akalichomeka jembe ardhini.

"Asiyejua ni dada wa marehemu. Huyo ndiye kila akimwona mke wangu anageuza uso. Nenda kamwambie yeye."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa jina la Mungu, nikateremka, na kila nilipofungua kinywa nyumbani nilipata sababu. Ulikuwa na mtihani. Mama yako alikuwa na presha. Pasaka imekaribia. Mzee Kobelo alifariki mwaka jana wakati wa mvua za vuli. Nilisikia kwa watu. Sikwenda kuzika.

Neema, wewe una akili kuliko mimi. Mambo ya kompyuta sasa yamekwenda mbali, na huenda una njia za kuifanya orodha imngojee mtu anayekata kona, bila kumchelewesha mwenye haraka. Kama zipo, zitumie. Lakini kule uendako atakuwepo muuguzi ambaye zamu yake imepitiliza, macho mazito, mkono mmoja umeshika mausi na mwingine umeshika simu ya daktari. Atakuambia kwamba kitu kinafunguka kabla hajakiambia. Ukijisikia unataka kumjibu atazoea, nenda ukakae pembeni yake kutwa nzima umtazame mkono, usitazame kioo. Kisha atapita mkubwa mwenye haraka, naye atakuambia imekuwa nzito. Mkubwa huyo ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu atakuwa anakulipa mshahara, nawe utakuwa na mtu nyumbani anayekutegemea, na mstari wa kufuta utakuwa mfupi sana. Sijui utafanya nini siku hiyo. Mimi ni baba yako na ninajua nilichofanya, ndiyo maana sina raha na safari hii, ingawa mbele yako nimekuwa nikicheka wiki nzima.

Hapa niliiacha kalamu.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii kwenye begi lako, uisome ukiwa Dar, mimi nikiwa mbali na macho yako, na mama yako asijue kitu. Nikaona nakaribia kufanya yaleyale. Nikaziokota karatasi nikampelekea chumbani. Nikamwambia, "Soma kwanza wewe."

Alisoma akiwa amekaa kitandani kwako, nguo zako mapajani. Nilisimama mlangoni. Alipofika mahali pa karatasi mkononi mwa Festo alisimama, akarudi nyuma, akapasoma tena. Aliposoma habari za Kinole aliinua macho akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na Mzee Kobelo. Alipomaliza alizipanga karatasi vizuri, akanirudishia. Hakulia. Akajifunga khanga, akachukua kikapu, akatoka. Nikamuuliza anakwenda wapi na mvua hii inayokuja.

"Sokoni," akasema, "kabla yule mama hajafunga."

Nusu saa sasa, na hajarudi. Mvua imeanza kupiga bati. Wewe utatangulia kufika au atatangulia yeye, sijui. Sijui pia kama akirudi ataendelea kukaa nyumba moja na mimi. Barua hii nitakupa mkononi, usiku wa leo, baada ya kula. Uisome nikiwa nimekaa mbele yako, na uniulize chochote unachotaka. Safari hii nitajibu swali lililoulizwa.

Baba yako